Kuaminiwa Kabla ya Kujulikana

Katika familia za Wahindi wa Kisumu, mtoto hulelewa akisikia kwamba duka limesimama kwa jasho la wazee wake: waliamka alfajiri, walilala nyuma ya magunia, hawakupoteza hata senti moja. Sina sababu ya kuyakana hayo, kwa kuwa nyanya yangu, aliyeletwa mji huu akiwa bi arusi mdogo, alizeeka na vidole vilivyopasuka kwa kupima chumvi na kukata vitambaa, na sikuwahi kumwona ameketi mchana. Lakini miaka niliyofanya kazi katika duka letu la vifaa vya ujenzi imenifundisha kwamba jasho peke yake halielezi kwa nini sisi tuko upande huu wa kaunta na wenzetu wako upande ule. Kuna kitu kingine tulichorithi, kisichoandikwa katika wasia wala kupimwa na mthamini wa mali, nacho ni kuaminiwa. Nimeamua kuandika juu yake kwa sababu tunapozungumzia ubaguzi wa rangi hapa nchini huwa tunazungumzia matusi na dharau, ilhali sehemu yake kubwa imekaa kimya ndani ya vitabu vya hesabu.

Msomaji ambaye hajawahi kuuza mabati na saruji huenda asijue kwamba mwenye duka kama letu hanunui bidhaa kwa pesa taslimu. Lori hushusha mzigo leo, ankara huandikwa leo, na malipo hudaiwa baada ya siku 30, au 60, au hata 90 kwa mteja anayeheshimiwa sana. Muda huo ukifika, mabati yamekwisha kuuzwa na kuezekwa, na pesa zinazomfikia mwenye kiwanda ni zile alizotoa mwenye nyumba, wala si za mwenye duka. Hiyo ndiyo mali kauli, na ndiyo inayoendesha sehemu kubwa ya biashara ya jumla kuanzia Barabara ya Oginga Odinga hapa Kisumu hadi Nairobi na Mombasa. Asiyepewa mali kauli hulazimika kununua kidogo kidogo kutoka kwa duka kama letu, kwa bei ambayo sisi tumekwisha kuweka faida yetu, kisha aongeze yake juu, na siku mteja anapohitaji mabati 60 kwa mpigo, hana. Watu wawili wanaweza kufungua saa ile ile na kufunga saa ile ile, wakawa waaminifu sawasawa, na baada ya miaka 10 mmoja akawa na ghala huku mwingine bado anapima misumari kwa robo kilo.

Mimi nilipewa mali kauli nikiwa na umri wa miaka 23. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu Nairobi, baba akaugua ghafla, na duka likabaki mikononi mwangu katika msimu ambao watu huezeka nyumba kabla ya mvua za masika. Nilimpigia simu muuzaji wetu wa jumla ili nimweleze kwamba baba yuko hospitalini na kwamba mimi ndiye nitakayeagiza mzigo. Nilikuwa nimeandaa maelezo marefu, nimepanga hesabu za mauzo ya mwaka uliopita, niko tayari kuulizwa maswali. Aliniuliza moja tu: kama mimi ndimi mjukuu wa yule mzee aliyekuwa na duka karibu na stesheni. Nilipoitikia, aliniombea baba afya njema na kusema mzigo utakuja wiki hiyo, malipo baada ya siku 60 kama kawaida. Sikujaza fomu, sikuweka dhamana, sikutia saini yoyote isipokuwa ya kupokea mali. Wakati huo sikuweza kutofautisha bati la geji 30 na la geji 32, ambalo ni jembamba zaidi.

Aliyeweza ni Jaduong'. Ndivyo tulivyomwita sote dukani, kwa heshima ambayo Waluo humpa mzee, na yeye aliniita nyathina, mtoto wangu, tangu nikiwa nasindikizwa dukani na nyanya baada ya shule. Aliingia kwetu akiwa kijana wa kupakua magari na akabaki hadi mvi zikamwota. Baada ya mzigo ule wa kwanza kushushwa, alisimama kando ya rundo la mabati, akashika ukingo wa bati la juu baina ya kidole gumba na cha shahada, akaliinua kidogo na kuliachilia litetemeke. Kisha akashika la pili, na la tatu. "Nyathina," akasema, "haya ni geji 32. Karatasi inasema 30, lakini kidole hakisomi karatasi." Tulipolipima kwa kifaa ikawa kama alivyosema, na muuzaji akarekebisha ankara bila ubishi. Kama si vidole vyake, ningelipia bati nene na kupokea jembamba, na wateja wetu wangeezekea nyumba zao mabati ambayo hayangestahimili kama walivyoahidiwa.

Mtu huyo, kila jioni, alipanga foleni kwenye mlango wa nyuma pamoja na wafanyakazi wengine ili apapaswe mifukoni na kiunoni kabla ya kwenda nyumbani. Utaratibu huo ulikuwapo katika maduka mengi na hakuna aliyeuona kuwa wa ajabu. Alikuwa akiinua mikono huku akiendelea kuzungumza na yule anayempapasa kuhusu bei ya omena au mvua iliyochelewa kule Seme, kana kwamba mikono ile ilikuwa juu ya mwili wa mtu mwingine. Mimi niliondoka kwa mlango wa mbele nikiwa na mkoba mkubwa begani, na hakuna aliyewahi kuuliza umebeba nini. Sanduku la pesa nalo halikuguswa na yeyote asiyekuwa wa ukoo. Duka lilipokuwa langu niliuondoa upekuzi ule na nikamweka kwenye kaunta ya pesa msichana aliyesomea uhasibu, mzaliwa wa mtaa wa Nyalenda hapa Kisumu, na mali haikupotea kuliko ilivyokuwa ikipotea zamani. Hata hivyo nataka nisieleweke vibaya: hayo yalikuwa madogo. Yalihusu namna watu wanavyotendewa ndani ya duka langu, na hayakugusa swali la nani anaweza kuwa na duka.

Swali hilo lilinijia Jaduong' alipostaafu. Alikuwa na akiba katika chama cha ushirika cha akiba na mikopo, alikuwa na watoto wawili wanaoweza kumsaidia, na alijua biashara ya vifaa vya ujenzi kuliko mtu yeyote niliyewahi kukutana naye. Alikodi kibanda kizuri upande wa soko la Kibuye, mahali ambapo mafundi wa jua kali hununua bidhaa kila siku, akaenda kwa muuzaji yule yule wa jumla aliyeniaminia kwa simu moja. Walimfahamu, kwa kuwa yeye ndiye aliyewapokelea mizigo kwa miaka yote hiyo na ndiye aliyekuwa akiwaonyesha makosa ya ankara zao. Wakamwambia anunue kwa pesa taslimu kwa mwaka mzima, au alete dhamana ya benki, au hatimiliki ya ardhi iliyo kwa jina lake. Ardhi anayo. Shamba lake liko Seme, mahali walipozikwa baba yake na babu yake, na mipaka yake inajulikana na kijiji kizima. Lakini jina lililo kwenye karatasi ni la babu aliyefariki zamani, na kesi ya urithi ingehitaji sahihi za wajomba, mabinamu na wajane ambao baadhi yao wako Mwanza na wengine hawasemezani. Benki nayo ilitaka ardhi ile ile ndipo itoe dhamana.

Nilipomweleza jambo hili baba mdogo, alinijibu kwamba huo si ubaguzi, ni tahadhari ya kibiashara, na kwamba kila jamii humwamini wa kwake. Nimelifikiria jibu hilo kwa muda mrefu, kwa sababu nusu yake ni kweli. Wasomali humwaminia Msomali, Wakikuyu humwaminia Mkikuyu, na hakuna dhambi katika kumwamini mtu unayemjua ukoo wake. Lakini jamii zetu hazikufika kwenye lango la biashara ya jumla kwa wakati mmoja wala kwa njia moja, na aliyepanga foleni hiyo hakuwa soko, ilikuwa ni sheria.

Reli ilifika ukingoni mwa Ziwa Viktoria, hapa palipoitwa Port Florence, mwezi Desemba mwaka 1901. Wengi hudhani sisi sote ni wajukuu wa vibarua walioijenga, ila vibarua wapatao 32,000 walioletwa kutoka Bara Hindi wengi wao walirudi kwao mikataba ilipokwisha, na karibu 2,500 walikufa kazini. Wafanyabiashara wengi walikuja wenyewe baadaye, wakifuata njia iliyokwisha kufunguliwa, na walimkuta mbele yao tajiri kama Allidina Visram, aliyekuwa na maduka kandokando ya reli hadi Kisumu na Uganda, na aliyejulikana kwa kuwapa vijana waliotoka Gujarat na Kutch bidhaa waende wakauze ndipo walipe. Babu wa babu yangu alianza kwa namna hiyo, kwa mizigo ya tajiri mwingine wa kule kwao. Hakuwa na kitu zaidi ya mtu wa kumthibitisha, na mtu huyo alitosha.

Mwafrika wa wakati huo huo alikuwa na watu wa kumthibitisha pia, lakini dola ilikuwa imeamua kwamba uthibitisho wao hauna thamani. Palikuwa na sheria iliyoweka kikomo kwa mkopo ambao mfanyabiashara angeweza kumpa Mwafrika na kuudai mahakamani, na ilitetewa kwa hoja kwamba inamkinga asiingie kwenye madeni. Matokeo yake ni kwamba muuzaji wa jumla mwenye akili timamu hakuwa na sababu ya kumkopesha, kwa kuwa asingekuwa na pa kushtaki. Juu ya hayo, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1915 iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza umri wa miaka 16 alitakiwa kubeba kipande, yaani cheti cha utambulisho, na ndani ya kipande hicho aliyeandika habari za mtu alikuwa mwajiri wake. Nikikumbuka Jaduong' akiinua mikono mlangoni, namkumbuka pia baba yake, ambaye sikumjua, akitembea na sifa yake shingoni ikiwa imeandikwa kwa mkono wa mwingine.

Mishahara nayo iligawanywa kwa rangi. Serikali ya kikoloni na reli zilikuwa na viwango vitatu, cha Mzungu, cha Mhindi na cha Mwafrika, hata pale watu walipokuwa wameketi kwenye meza zinazofuatana, na mpango huo haukuanza kuvunjwa serikalini mpaka tume ya Lidbury, iliyochunguza utumishi wa serikali, ilipotoa taarifa yake mwaka 1954. Ndugu wa babu yangu alikuwa karani wa reli hapa Kisumu. Alikuwa akilalamika, kwa haki kabisa, kwamba Mzungu asiyejua hesabu alimzidi mshahara. Sikuwahi kusikia akimtaja karani Mwafrika aliyekuwa chini yake katika orodha ile ile, ingawa akiba iliyoongeza rafu za duka letu ilitokana na tofauti ya chini kama vile uchungu wake ulivyotokana na tofauti ya juu.

Wala si kweli kwamba Waafrika hawakutaka au hawakujaribu. Mwaka 1947 Jaramogi Oginga Odinga na wenzake walianzisha shirika la Luo Thrift and Trading Corporation, wakakusanya fedha kwa hisa ndogo ndogo kutoka kwa wakulima, walimu na Waluo waliokuwa wakifanya kazi mbali kama Kampala, wakafungua maduka na kujenga Ramogi House hapa Kisumu. Ninaposoma historia ya shirika hilo huwa nastaajabia jinsi walivyolazimika kuchanga kwa mamia ya watu kile ambacho babu wa babu yangu alikipata kwa kujulikana na mtu mmoja.

Wazee wetu huumia wakisikia haya, na maumivu yao yana msingi. Wahindi walikatazwa kumiliki mashamba katika nyanda za juu zilizotengewa Wazungu, na Waraka wa Devonshire wa serikali ya Uingereza wa mwaka 1923, ambao ulitangaza kwamba maslahi ya Waafrika ndiyo yatakayotangulia, uliacha katazo hilo pale pale. Baada ya uhuru, sheria ya leseni za biashara ya mwaka 1967 iliwafungia milango wale ambao hawakuwa wamechukua uraia, na nyanya alikuwa akitaja kwa machozi majirani waliouza kila kitu kwa wiki chache wakaondoka. Makhan Singh aliwekwa kizuizini tangu mwaka 1950 hadi 1961 kwa kudai haki za wafanyakazi wa rangi zote, na Pio Gama Pinto, mwanahabari na mpigania uhuru mwenye asili ya Goa, aliuawa Nairobi Februari 1965, bado kijana. Mimi mwenyewe nimeambiwa nirudi Bombay na watu wasiojua kwamba sijawahi kufika huko. Serikali ilipotangaza Julai 2017 kwamba sisi ni kabila la 44 la Kenya, baba yangu, mtu asiyeonyesha hisia zake, alikata tangazo hilo gazetini na kulihifadhi pamoja na vyeti vya kuzaliwa.

Hata hivyo kudhulumiwa na aliye juu hakufuti ulichopewa dhidi ya aliye chini. Mwishoni mwa Desemba 2007 na mwanzoni mwa 2008, baada ya uchaguzi, maduka mengi katikati ya Kisumu yaliporwa na kuteketezwa, na letu lilikuwa mojawapo. Nililia kama mtu aliyefiwa. Lakini tulikuwa na jamaa Nairobi na Leicester, Uingereza, waliotutumia fedha, na wauzaji wa jumla walituongezea muda wa kulipa pasipo kuombwa mara mbili, kwa sababu walikuwa na hakika kwamba tutasimama tena. Tukasimama. Wanawake waliokuwa wakiuza rangi na vitasa katika vibanda vya mbao karibu nasi, ambao pia waliunguliwa usiku ule ule, wengi wao sikuwaona tena. Hasara yao kwa shilingi ilikuwa sehemu ndogo ya hasara yetu, na ndiyo iliyowamaliza.

Basi Jaduong' alipokataliwa, nilimpigia simu muuzaji na kusema nitamdhamini. Wakakubali papo hapo, na mzigo ukaenda Kibuye. Jaduong' alilipa siku tano kabla ya muda kwisha, na ankara iliyofuata hivyo hivyo, na mwaka ukapita bila kuchelewa hata mara moja. Kisha akaniletea bahasha ya ankara alizozitunza na kuzipanga juu ya kaunta moja baada ya nyingine. Zote zilikuwa na jina la duka letu. Katika vitabu vya yule muuzaji, mteja aliyelipa mapema mwaka mzima nilikuwa mimi, na kikomo changu cha mkopo kilikuwa kimepandishwa kwa sababu hiyo. "Nyathina," aliniambia kwa upole, "nimefanya kazi kwenu miaka yangu yote, na sasa nikiwa na duka langu bado ninafanya kazi kwenu. Sitaki kuaminiwa kwa sababu yako. Nataka waniandike."

Sidhani nimewahi kuelezwa jambo kwa usahihi zaidi. Nilikuwa nimedhani kwamba kumkopesha jina langu ni kumgawia kile nilichorithi, kumbe jina liliendelea kuvuna na yeye akaendelea kulima. Tukaenda pamoja mpaka ofisi ya muuzaji, tukiwa na ankara zote na taarifa zake za benki zinazoonyesha kwamba kila shilingi iliyolipwa ilitoka katika akaunti yake. Tulieleza pia kwamba tangu sheria ya mwaka 2017 ya dhamana za mali zinazohamishika, mtu anaweza kuweka rehani bidhaa, mitambo na madeni anayodai, na hivyo kudai hatimiliki pekee ni uamuzi wao, si takwa la sheria. Meneja, kijana mpole wa jamii yangu, alitusikiliza huku akinitazama mimi kila Jaduong' alipomaliza kusema. Nilianza kutazama dirishani ili alazimike kumtazama anayezungumza naye.

Wamemfungulia akaunti kwa jina lake. Alijaza fomu ya kurasa nne, akatia saini kila ukurasa, akaleta wadhamini wawili na picha za duka. Kikomo chake hakifiki nusu ya nilichopewa mimi nikiwa na miaka 23, na anatakiwa kulipa baada ya siku 14. Tumewaandikia barua yenye saini zetu wote wawili tukiomba watueleze vigezo wanavyotumia, na jibu lililokuja lilisema tu kwamba kila mteja huangaliwa kivyake. Tumeandika tena, na safari hii tumeambatisha ankara zangu za msimu ule wa kwanza, zenye siku 60 na zisizo na jina la mdhamini yeyote.